Kiasi, Risasi na Ganda: Istilahi za Bunduki Kuukuu ya Komeo

1. Madhumuni

Makala haya yanahusu istilahi za bunduki ya kijeshi ya zamani, ya aina ile ambayo mpigaji huvuta na kusukuma kipande cha chuma kwa mkono kila baada ya mlio mmoja. Bunduki hizo zilibebwa na majeshi karibu yote ya dunia tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1950. Zilibebwa pia na watu wetu, yaani askari wa Kiafrika waliotumikia jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, na askari wa Keya, jina ambalo wasemaji wa Kiswahili walilifinyanga kutokana na herufi za mwanzo za King's African Rifles. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ingali imeshika bunduki yenye singe. Mpita njia ataitaja singe bila kusita, lakini ukimwuliza majina ya sehemu nyingine za bunduki ile atakutajia mbili au tatu, kisha atanyamaza.

Kimya hicho kina gharama yake. Mfasiri wa historia ya vita, mwandishi wa maelezo ya makumbusho, karani wa mahakama aandikaye orodha ya vielelezo, na mfasiri aletewaye kijitabu cha kununua na kutunza bunduki kuukuu, wote hukutana na chombo kimoja, na kila mmoja hujitungia maneno yake. Katika fani nyingi mgongano wa namna hiyo huleta usumbufu tu. Katika fani hii waweza kumtia mtu gerezani, au kumpasulia chuma usoni.

Yafaa tuseme mapema kwamba makala haya hayamshauri mtu kutafuta silaha. Nchini Tanzania umilikaji wa silaha unaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sura ya 114 ya sheria za nchi hiyo. Kote kuwili hapana ruhusa bila leseni. Soko la bunduki zilizotoka majeshini liko hasa Marekani, Kanada na baadhi ya nchi za Ulaya, ambako wako watu wazikusanyao kama wengine wakusanyavyo saa za kale, na ambao huzipigia shabaha katika viwanja vilivyotengwa. Sheria ya Marekani ina leseni maalumu ya mkusanyaji, na silaha iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya asili huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale. Vijitabu vya maelekezo hutoka huko, nasi tutatumia mfano mmoja kutoka huko, yaani bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ambayo ndiyo iliyofahamika zaidi katika Afrika ya Mashariki. Jina lake limeunganisha jina la mbunifu wa mtambo wake, James Paris Lee, na mahali palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza.

2. Jina la aina

Lugha yetu haikuanza jana kuzitaja bunduki. Wazee walitofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki. Na hatimaye bunduki ya viasi, ambayo haishindiliwi kupitia mdomoni kama gobori bali hupakiwa kwa nyuma. Orodha hii ina funzo kwa mwundaji wa istilahi. Kila mtambo mpya ulipofika, wasemaji waliitazama sehemu moja iliyoutofautisha na ule wa kabla yake, wakaifanya jina. Hawakungoja kuambiwa Wazungu wanauitaje.

Tukiifuata kanuni hiyo, sehemu iliyotofautisha bunduki ya Lee-Enfield, au ya Mauser ya mwaka 1898, na zile za kabla yake ni kile kipande cha chuma kirefu kama kidole kinene, chenye mkono pembeni. Mpigaji hukisukuma mbele na kukigeuza, nacho hujifunga nyuma ya mtutu. Hukigeuza tena na kukivuta nyuma, nacho hufunguka na kutupa nje ganda tupu. Mwendo huo si mgeni kwa mtu yeyote aliyewahi kufunga mlango wa kizamani. Ni mwendo wa komeo. Kwa hiyo twapendekeza kipande hicho kiitwe komeo, na aina nzima iitwe bunduki ya komeo.

Wako wanaosema bolti. Neno hilo halifai hapa. Bolti ni neno la mafundi wetu wa magari na wa vyuma, nalo lina mwenzake, nati. Fundi aambiwaye afungue bolti ya bunduki atatafuta spana, na katika bunduki ya Lee-Enfield kweli atapata skrubu za kufungua katika mti wake, asifikie kabisa sehemu iliyokusudiwa.

3. Kiasi, risasi na ganda

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Katika mazungumzo ya kila siku neno risasi hubeba mambo matatu: kitu kizima kinachotiwa katika bunduki kabla ya kupigwa, kile kipande cha madini kinachoruka na kumpata mlengwa, na hata ganda linalobaki chini baada ya mlio. Mazungumzo huvumilia jambo hilo. Maandishi ya kazi hayawezi kulivumilia.

Asili ya neno yatuonyesha njia. Risasi ni madini, yale mazito na laini yanayoyeyuka upesi, na ndiyo maana penseli iliitwa kalamu ya risasi ingawa ndani yake hamna madini hayo. Kwa kuwa kinachoruka kutoka katika bunduki kilifanyizwa kwa madini hayo, nacho kikaitwa risasi. Basi maana ya halali ya neno hili katika fani ya silaha ni moja tu, yaani kile kinachoruka.

Kitu kizima kina jina lake la zamani, ambalo kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikwisha kuliandika: kiasi, wingi wake viasi. Jina hilo lina maana nzuri. Mtu wa gobori alijipimia baruti mwenyewe. Mtu wa bunduki mpya alipewa kipimo kilichokwisha kufungwa, kiasi cha mlio mmoja. Kiasi kimoja kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au nyekundu, fataki katika kitako cha ganda, baruti ndani yake, na risasi iliyobanwa mdomoni mwake. Fataki ikigongwa huwasha baruti, baruti huwa gesi, gesi huisukuma risasi, ganda hubaki.

Tuchukue sasa maelekezo mafupi kama haya: “Hakikisha hamna risasi katika mtutu.” Msomaji mmoja ataelewa kwamba avute komeo atazame kama kuna kiasi ambacho hakijapigwa. Mwingine ataelewa kwamba achungulie tundu zima hadi mdomoni, kwa sababu risasi ya kiasi kibovu yaweza kuwa imetoka katika ganda lake ikakwama katikati ya njia. Kazi hizi mbili ni tofauti, na zote mbili ni za lazima. Anayefanya ya kwanza tu, kisha akapiga kiasi kingine nyuma ya risasi iliyokwama, atapasua mtutu. Mfasiri aliyeandika risasi kwa mambo yote mawili hakukosea sarufi; amekosesha tendo. Aandike hivi: “Hakikisha hamna kiasi katika chemba, wala risasi iliyokwama katika tundu la mtutu.”

Upande wa mahakama hali ni hiyo hiyo. Orodha isemayo kwamba mshtakiwa alikutwa na “risasi tatu” haituambii kama alikutwa na viasi vitatu vizima, ambavyo vyahitaji leseni, au vipande vitatu vya madini vilivyochimbuliwa ukutani, au maganda matatu matupu aliyookota njiani. Habari za polisi zimezoea tayari kutaja maganda ya risasi, nayo ni desturi njema. Kilichobaki ni kukirudishia kiasi mahali pake.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yasemwa kwamba kiasi pia ni kadiri, na kwamba sentensi kama “kiasi gani cha viasi” yachekesha. Ni kweli yachekesha, lakini haipotoshi. Katika matini ya silaha neno litajwe kwa ukamilifu mara ya kwanza, kiasi cha bunduki, na baada ya hapo litumike peke yake. Na pale panapohitajika kutaja kadiri, tuna maneno kadiri, idadi na kipimo. Utata unaochekesha ni nafuu kuliko utata usioonekana.

4. Maneno ya mnunuzi

Bunduki za jeshi zisizohitajika tena huitwaje? Wengine husema bunduki za ziada. Ziada hueleza wingi tu, na mtu aweza kudhani ni bunduki mpya zilizozidi hesabu. Bunduki za mtumba lingekuwa jina la kueleweka upesi, ila lingefaa sokoni kuliko katika hati. Twapendekeza bunduki iliyotolewa jeshini, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo mnunuzi ahitaji kujua ni kwamba ilikwisha kutumika, na kwamba jeshi lilikuwa na sababu ya kuitoa.

Sababu hiyo pengine imegongwa katika chuma chenyewe. Baadhi ya bunduki za Kiingereza zina herufi DP. Maana yake ni kwamba bunduki ilitengwa kwa ajili ya kufundishia gwaride na kushika silaha, kwa kuwa sehemu zake zilikuwa zimechakaa au zimeharibiwa makusudi, na haifai kupigwa kamwe. Mfasiri wa haraka ataandika “bunduki ya mazoezi”. Msomaji wa Kiswahili akiona mazoezi ya bunduki atafikiri shabaha, na ataielewa alama ya katazo kuwa alama ya ruhusa. Neno sahihi ni bunduki ya gwaride.

Baada ya alama huja namba. Katika Lee-Enfield namba ya bunduki imegongwa katika kiwiliwili, yaani ile sehemu ya chuma inayopokea mtutu kwa mbele na komeo kwa nyuma, na namba hiyo hiyo imegongwa katika mkono wa komeo. Kila komeo lililinganishwa na bunduki yake kiwandani. Komeo la bunduki nyingine laweza kuingia na kugeuka vizuri, na bado likaacha nafasi isiyotakiwa.

Nafasi hiyo ndiyo istilahi ngumu kuliko zote. Ni umbali ulio kati ya uso wa komeo lililofungwa na ukomo wa chemba unaozuia kiasi kisisogee mbele. Katika kiasi cha Lee-Enfield, ambacho kitako chake kina ukingo, umbali huo hupimwa mahali pa ukingo. Jeshi la Uingereza lilitumia vipimo viwili vya chuma: cha inchi 0.064, ambacho komeo lapaswa kufungika juu yake, na cha inchi 0.074, ambacho komeo halipaswi kufungika juu yake. Nafasi ikizidi, ganda halina kinacholiegemeza, nalo laweza kukatika na kuachilia gesi kumrudia mpigaji. Twapendekeza mwanya wa komeo. Vipimo vyake viitwe kipimo cha kukubali na kipimo cha kukataa. Bunduki ya Lee-Enfield Namba 4, iliyotengenezwa kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na vichwa vya komeo vya kubadilisha, vilivyopewa namba 0 hadi 3 kwa kufuata urefu, ili fundi aurekebishe mwanya. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha, si ya mnunuzi.

Kisha mtutu, ambao washairi wa zamani na kamusi huuita pia kasiba. Ndani yake mna tundu, na katika ukuta wa tundu mna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko ili risasi iruke ikizunguka kama pia. Mtutu wa Lee-Enfield una mifuo mitano kwa kawaida. Mnunuzi hutazama kama mifuo ingali na kingo kali, kama tundu lina vishimo vya kutu, na kama mdomo haukuliwa na kamba za kusafishia za miaka mingi.

Mwisho ni kaliba, yaani kipenyo. Neno hili halifai kuandikwa peke yake. Katika bunduki za Kijerumani kiasi cha mwaka 1888 kilikuwa na risasi yenye kipenyo cha milimita 8.08 hivi, na kile kilichokuja mwaka 1905 kilikuwa na risasi ya milimita 8.2 hivi, na vyote viwili vimeitwa kwa mkato “milimita 8”. Risasi nene katika tundu jembamba hupandisha mno shinikizo la gesi. Mfasiri asifupishe jina la kiasi hata kama linachosha. Aliandike lote kama lilivyo, pamoja na mwaka au herufi zake.

5. Maneno ya mtunzaji

Mdeki ni neno la siku za gobori, fimbo ya kushindilia baruti. Kushindilia kumekwisha, lakini fimbo nyembamba ya kupitisha katika mtutu ingali ipo, nayo sasa ni ya kusafishia. Neno libaki. Askari wa Uingereza hawakubeba mdeki, bali walibeba kamba yenye uzito wa shaba upande mmoja na kitanzi cha kitambaa upande wa pili. Kamba hiyo ilihifadhiwa pamoja na chupa ndogo ya mafuta katika shimo lililomo ndani ya kitako. Uzito hutumbukizwa upande wa chemba ukatokea mdomoni, kisha kitambaa huvutwa. Twapendekeza kivuto.

Swali kubwa la utunzaji ni kutu, nalo lategemea fataki. Fataki za kijeshi za zamani zilikuwa na kemikali ambayo, ikiisha kuwaka, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na chuma huanza kupata kutu mnamo siku chache, pengine saa chache penye unyevu mwingi. Istilahi za kemia zinatupa neno babuzi, na mfasiri angeweza kuandika fataki babuzi. Neno si kosa, lakini humpeleka msomaji kwenye wazo la tindikali, na mwenye wazo hilo hukimbilia mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, nayo huendelea na kazi yake chini. Dawa yake ni maji ya moto. Jeshi la Uingereza lilimimina maji yanayochemka katika mtutu kwa mrija maalumu, kisha likaukausha kwa kitambaa, kisha ndipo likapaka mafuta. Kwa hiyo twapendekeza fataki ya chumvi. Mkazi wa pwani aliyeona mabati na baiskeli zikiliwa na upepo wa bahari ataelewa ugonjwa na dawa kwa pamoja, bila tanbihi.

Mti wa bunduki hupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, na kuachwa ukauke. Bunduki haihifadhiwi katika mfuko wa ngozi au kitambaa kwa muda mrefu, kwa sababu mfuko hushika unyevu. Huwekwa tupu, pamefungwa kwa ufunguo, na viasi mbali nayo.

Limebaki neno moja la hatari. Pembeni mwa mtambo kuna kijiti kinachogeuzwa ili kifyatulio kisifanye kazi. Lugha nyingi hukiita usalama, na tafsiri yetu ya moja kwa moja ingefuata. Tuikatae. Aambiwaye kwamba “usalama umefungwa” huamini kwamba yu salama, na huacha mdomo wa bunduki uelekee popote. Kijiti hicho huzuia sehemu fulani za chuma, na chuma huchakaa. Jina lake liwe kizuizi, na neno salama lihifadhiwe kwa bunduki ambayo komeo lake li wazi na chemba yake imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole.

6. Orodha ya mapendekezo

Bunduki ya komeo: bunduki ambayo mpigaji huifungua na kuifunga kwa mkono kila baada ya mlio.
Bunduki ya gwaride: bunduki isiyofaa kupigwa, iliyotengwa kwa kufundishia.
Chemba: sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaliwa na kiasi. Neno hili latumika tayari katika ujenzi kwa shimo lenye mfuniko. Wazo la chumba kilichofungwa ni moja.
Fataki ya chumvi: fataki ambayo majivu yake huleta kutu yasipooshwa kwa maji.
Ganda: kifuko cha madini cha kiasi, hasa kikiwa tupu.
Kasha la viasi: kisanduku cha chini ya komeo, katika Lee-Enfield huchukua viasi 10.
Kiasi: ganda, fataki, baruti na risasi vikiwa pamoja.
Kibanio: utepe wa chuma unaoshika viasi vitano ili vishushwe kwa pamoja katika kasha. Kisichanganywe na kasha lenyewe.
Kifyatulio: sehemu inayovutwa kwa kidole.
Kigongafataki: msumari uliomo ndani ya komeo unaogonga fataki.
Kivuto: kamba ya kusafishia mtutu.
Kiwiliwili: chuma kinachounganisha mtutu, komeo na mti.
Kizuizi: kijiti kinachozuia mtambo usifanye kazi.
Mfuo: mchongo wa mzunguko ndani ya mtutu.
Mwanya wa komeo: umbali kati ya uso wa komeo lililofungwa na ukomo unaozuia kiasi.
Risasi: kile kinachoruka, na hicho tu.

7. Hitimisho

Katika orodha hiyo maneno mageni ni machache sana. Komeo, kiasi, mfuo, kiwiliwili na mwanya yalikuwemo, yakingoja kupewa kazi. Lakini idadi ya maneno si kipimo cha kutosha cha istilahi njema. Kipimo ni tendo la msomaji baada ya kusoma: kama aliyeambiwa kiasi atatazama chemba, na aliyeambiwa chumvi atachemsha maji.

Walimu wa historia, makarani wa mahakama na wafasiri waombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kuleta maoni, hasa juu ya mwanya wa komeo na kizuizi, ambayo ni mapya. Kuhusu risasi na kiasi, twaomba zaidi ya maoni. Afisa atakayeandika orodha ya vielelezo kesho asubuhi anaweza kuanza bila kungoja toleo lijalo.